Haki ya Kutaja Sababu: Kumbukumbu, Umeme na Hukumu ya Fundi

Swali la ni lini binadamu anakuwa na haki ya kusema kwamba jambo fulani ndilo lililosababisha jingine limewashughulisha wanafalsafa na wanazuoni wa dini kwa karne nyingi, na mara nyingi limejadiliwa kwa mifano ya moto na pamba, au ya ugonjwa na dhambi. Makala haya yanalichukua swali hilo na kuliweka juu ya meza ya fundi wa kompyuta katika eneo la Chala, upande wa Taveta wa Kaunti ya Taita Taveta, karibu na ziwa la kreta lenye jina hilohilo kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania, na katika miji ambayo watu wa Chala hupeleka vifaa vyao kutengenezwa, yaani Taveta na Voi. Kompyuta kuukuu inayojizima bila kutoa dalili, kisha ikawaka tena kana kwamba haikuwa na shida, humweka fundi mbele ya sababu isiyoonekana kwa macho, na humtaka atamke hukumu yenye gharama: mwenye mashine ataambiwa anunue kifaa kipya, au shule itaambiwa kwamba mashine haifai tena, na hukumu hiyo ikiwa na kosa, kipande kizima kitatupwa jalalani huku kibovu kikibaki ndani kikiendelea na uharibifu wake.

Kompyuta za mezani zinazohusika hapa zimekwisha kula chumvi. Nyingi za zile zinazokutwa katika maabara za shule, ofisi ndogo na saiba zilitumika kwanza mahali pengine, kisha zikauzwa kwa mkono wa pili au zikatolewa msaada. Shirika la Computers for Schools Kenya, kwa mfano, limekuwa tangu mwaka 2002 likipokea kompyuta zilizotumika, kuzifanyia matengenezo na kuzipeleka shuleni. Mashine ya aina hiyo hufika katika nyanda kavu za Voi na Taveta, ambako joto la mchana hupita nyuzi 30 kwa sehemu kubwa ya mwaka na vumbi jekundu hupenya kila tundu, ikiwa tayari imebeba uchovu ambao hakuna aliyeuandika popote.

Vipande viwili vya mashine hiyo ndivyo vinavyohusika na hoja hii. Cha kwanza ni kadi ya kumbukumbu, ambayo mafundi huiita RAM: ubao mwembamba wenye vipande vyeusi vya silikoni na safu ya meno ya rangi ya dhahabu upande mmoja, unaochomekwa katika mfereji wake kwenye bodi kuu, yaani madabodi kwa lugha ya mafundi. Kazi yake ni kushikilia yale ambayo kompyuta inayafanyia kazi kwa wakati huo, tofauti na hadi diski, ambayo hutunza mafaili hata umeme ukizimwa. Kumbukumbu ya aina inayotumika mpaka leo katika kompyuta za mezani ilibuniwa na Robert Dennard wa kampuni ya IBM, aliyepewa hataza yake mwaka 1968, na msingi wake unaelezeka kwa urahisi: kila biti, yaani tarakimu moja ya 0 au 1, huwekwa kama chaji ndogo ya umeme ndani ya kapasita ndogo mno, nayo kapasita ni kifaa kinachopokea chaji, kikaishika kwa muda na kuitoa inapohitajika. Kwa kuwa kapasita hiyo huvuja, chaji yake hufifia upesi, na mashine hulazimika kuisoma na kuiandika upya. Viwango vya kawaida vya viwanda hutaka kila safu ihuishwe walau mara moja katika milisekunde 64. Maana yake ni kwamba kumbukumbu hii hubaki kwa sababu tu inafanywa upya bila kukoma, na kinachoifanya upya ni umeme. Ziwa Chala lenyewe lina kumbukumbu ya namna nyingine kabisa, kwa sababu matope yaliyotua tabaka juu ya tabaka chini ya maji yake, ambayo wanasayansi wa mradi wa DeepCHALLA waliyachimba mwaka 2016 kwa kina cha zaidi ya mita 200 kutoka sakafu ya ziwa, yametunza habari za mvua na ukame za zaidi ya miaka laki mbili bila kudai nishati yoyote ili yaendelee kuwapo. Kumbukumbu ya kompyuta haina uhuru huo, na ndiyo maana hakuna kosa linaloonekana ndani yake ambalo haliwezi, walau kwa kukisia, kuwa kosa la umeme.

Kipande cha pili ni kile kisanduku cha chuma kilicho nyuma ya mashine, chenye feni na tundu la waya wa ukutani, ambacho mafundi hukiita pawa saplai. Umeme wa Kenya hufika ukutani ukiwa wa volti 240 unaogeuka mwelekeo mara kwa mara, na pawa saplai huugeuza kuwa umeme wa mwelekeo mmoja katika viwango vya volti 12, volti 5 na volti 3.3, kwa mujibu wa mpango uitwao ATX ambao kampuni ya Intel iliutoa mwaka 1995. Mpango huo huruhusu kila kimojawapo cha viwango hivyo kupanda au kushuka kwa asilimia 5 tu, hivyo waya wa njano wa volti 12 hauruhusiwi kushuka chini ya 11.4 wala kuzidi 12.6. Bodi kuu nayo huchukua umeme huo na kuupunguza tena kwa ajili ya kumbukumbu, hadi volti 2.5 kwa kadi za kizazi cha DDR, 1.8 kwa DDR2 na 1.5 kwa DDR3. Upo pia waya mmoja wa kijivu ambao hautumiki kuendesha chochote: pawa saplai huutumia kuiarifu bodi kuu kwamba umeme umetulia, na bodi kuu hungoja taarifa hiyo kabla ya kuanza kazi. Taarifa hiyo, hata hivyo, hutolewa na kifaa kilekile kinachoweza kuwa kibovu, kwa hiyo bodi kuu haina shahidi mwingine zaidi ya mtuhumiwa.

Ugumu wa fundi huanzia hapo, kwa kuwa vipande hivi viwili hushiriki karibu dalili zote. Mashine inayoganda katikati ya kazi, inayoonyesha skrini ya buluu, inayojizima na kuwaka yenyewe, inayozungusha feni huku skrini ikibaki nyeusi, au inayoharibu mafaili wakati wa kuyahifadhi, inaweza kuwa na kadi ya kumbukumbu iliyokufa sehemu, na inaweza vilevile kuwa na pawa saplai iliyochoka. Hata milio ambayo bodi kuu huitoa inaposhindwa kuiona kumbukumbu, ambayo watu wengi huichukulia kama ungamo la wazi la kadi, huthibitisha tu kwamba kumbukumbu haikujibu. Haisemi kama haikujibu kwa sababu ni mbovu, kwa sababu meno yake yameshika kutu na vumbi, au kwa sababu umeme uliopaswa kuiamsha ulifika ukiwa pungufu.

Uchovu wa pawa saplai unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndio unaowahadaa mafundi wengi zaidi. Ndani ya kisanduku hicho mna kapasita kubwa zenye umbo la kopo dogo, zilizojazwa kimiminika cha kemikali, na kazi yao ni kuusawazisha umeme ili usiwe na mawimbi. Joto hukikausha kimiminika hicho taratibu, na kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza umri wa kapasita kwa nusu hivi, jambo ambalo katika chumba cha bati cha Taveta si hesabu ya vitabuni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulimwengu ulikumbwa pia na wimbi la kapasita zilizotengenezwa kwa kemikali duni, ambazo zilivimba na kupasuka kabla ya wakati wake, katika pawa saplai na katika bodi kuu za kompyuta za majina makubwa. Anayezitazama huona kichwa cha kopo, ambacho kwa kawaida huwa bapa na chenye mikato inayopishana, kikiwa kimeumuka, na pengine ukoko wa kahawia umejitokeza penye mikato hiyo. Lakini kapasita nyingi hukauka bila kuvimba. Umeme unaotoka hapo huwa na mawimbi madogo ya haraka ambayo mpango wa ATX unayawekea mpaka wa milivolti 120 kwenye waya wa volti 12 na milivolti 50 kwenye waya wa volti 5, na multimita ya kawaida ambayo fundi anaishika mkononi haiyaoni kabisa, kwa kuwa inapima wastani. Fundi huweka ncha za kipimo, husoma 12.1, na huitangaza pawa saplai kuwa haina hatia, ilhali mawimbi yale yaliyojificha chini ya wastani ndiyo yanayoigeuza 0 kuwa 1 ndani ya kadi ya kumbukumbu. Kipimo hakikusema uongo. Kilijibu swali jingine, na hatari kubwa ya vipimo vyote, vya mashine na vya watu, ni kuulizwa jambo moja na kusikika kana kwamba vimejibu jingine.

Imamu Abu Hamid al-Ghazali, katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa cha mwishoni mwa karne ya 11, alishikilia kwamba mwenye kuutazama moto ukigusa pamba na pamba ikiungua ameona mambo mawili yakitokea pamoja tu, na kwamba macho hayakumwonyesha kuwa moto wenyewe ndio mtendaji; kwa al-Ghazali mtendaji wa kweli ni Mwenyezi Mungu, ama moja kwa moja au kupitia kwa malaika wake, na mazoea ya kuona mambo hayo yakifuatana ndiyo yanayoifanya akili iyaunganishe. Mwanafalsafa Ibn Rushd alimjibu karibu karne moja baadaye kwamba kuikana sababu ni kuikana akili, kwa kuwa kujua kitu ni kujua kinavyotenda. Mabishano hayo husomwa mpaka leo katika vyuo vya elimu ya Kiislamu, na huenda yakaonekana kuwa mbali na bisibisi na vumbi, lakini fundi anayafikia kila anapochomoa kadi ya kumbukumbu ya zamani, akachomeka mpya, na mashine ikapona. Ameona nini? Ameona kwamba kadi ilibadilishwa na kwamba mashine ikapona. Hajaona kwamba kadi ya zamani ilikuwa mbovu.

Mwanya huo ni mpana kuliko unavyodhaniwa. Kule kuchomoa na kuchomeka pekee kunayakwangua meno ya dhahabu dhidi ya chuma cha mfereji na kuuondoa utando wa kutu na vumbi uliokuwa ukizuia umeme kupita, kiasi kwamba kadi ileile ya zamani, ingetolewa, ikasuguliwa meno yake taratibu kwa raba ya penseli, ikafutwa na kurudishwa, ingeweza kufanya kazi kwa miaka mingine mitano. Tena, ili kubadilisha kadi fundi aliuchomoa waya wa ukutani, mashine ikapoa, na kapasita za pawa saplai zikapumzika. Mashine iliyokuwa ikijizima kwa joto la saa saba mchana sasa inajaribiwa jioni ikiwa baridi, na inapita jaribio kwa sababu isiyohusiana na kadi hata kidogo. Kwa tendo moja fundi amebadilisha mambo manne, kisha akalipa sifa jambo moja tu kati ya hayo, lile alilokuwa amelikusudia.

Mwanafalsafa John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843, aliweka kanuni kwamba hali mbili zikilingana kwa kila jambo isipokuwa moja, na tukio likawapo katika hali moja na kukosekana katika nyingine, jambo hilo moja ndilo sababu au sehemu ya sababu. Kanuni hiyo ni nzuri, ila ugumu wote umefichwa katika maneno mepesi kwamba hali mbili zilingane. Mafundi waangalifu wana jawabu la ugumu huo, na jawabu lenyewe ni kukirudisha kipande kilichotuhumiwa: kadi ya zamani ichomekwe tena, kwa uangalifu uleule, katika mfereji uleule, mashine ikiwa na joto lilelile, na ugonjwa uangaliwe kama utarudi. Ukirudi, na ukiondoka tena kadi inapotolewa, fundi amepata haki ya kutaja sababu. Usiporudi, kadi imeachiliwa huru, na uchunguzi unaanza upya kwa pawa saplai, ambayo nayo itatolewa, itabadilishwa na ile inayojulikana kuwa nzima, kisha itarudishwa. Programu ya Memtest86, ambayo Chris Brady aliiandika mwaka 1994, husaidia sana katika kazi hiyo, kwa kuwa huandika mifuatano ya tarakimu katika kila sehemu ya kumbukumbu na kuisoma tena ili kuona palipobadilika: kosa linalojirudia katika anwani ileile hata baada ya kubadilisha umeme huinyoshea kidole kadi, na kosa linalohamahama, likizidi wakati mashine inapoelemewa na kazi, hufanya umeme utiliwe shaka. Hata hivyo programu hiyo hutoa ushahidi tu; hukumu hutokana na kurudisha.

Kupona, basi, hakuthibitishi sababu kwa nguvu ile ambayo kuugua tena kunaithibitisha. Tegemeo hili ndilo linaloibeba hoja nzima, na linapingana na tabia ya moyo wa binadamu, ambao ukishapata nafuu hautaki tena kuuliza. Mwenye mashine aliyeiona ikiwaka hataki kumsikia fundi akiomba kuiua tena ili ajue kilichoiponya. Kwa maana hiyo kujua sababu kunahitaji aina ya ujasiri ambayo kupona hakuihitaji.

Lakini hata sababu iliyothibitishwa hivyo huwa ni pete moja tu ya mnyororo. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, kwenye mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima, mitambo mingine ya kituo ikaelemewa na kujizima pia, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na Kenya nzima ikakosa umeme, kama ilivyotangazwa na kampuni ya KenGen. Umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo namna hiyo, pawa saplai kuukuu ndizo zinazoumia kwanza. Aliyepoteza pawa saplai yake siku kama hiyo angeweza kusema kwa haki kwamba sababu ni kapasita iliyochoka, au mshtuko wa umeme uliorudi, au transfoma, au ulinzi hafifu wa ua, au tumbili, na hakuna hata moja kati ya kauli hizo ambayo ni ya uongo. Inayochaguliwa hutegemea ni nani anayeuliza na ana uwezo wa kurekebisha nini: fundi wa Taveta hawezi kuwafikia tumbili wa Gitaru, bali anaweza kuifikia kapasita na kumshauri mteja aweke stebilaiza. Kutaja sababu kwa hiyo ni kutaja vilevile mahali ambapo wajibu unaanzia, na ndiyo maana kutaja vibaya ni jambo la maadili kabla halijawa jambo la ufundi.

Milima ya Taita inayoonekana kutoka Voi ilikuwa na elimu yake ya sababu zilizojificha muda mrefu kabla ya kompyuta. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyeishi miongoni mwa Wadawida, wenyeji wa milima hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake juu ya dini yao mwaka 1978, alieleza kwamba katika dini hiyo, iitwayo Wutasi, maradhi na mikosi mingi ilihesabiwa kuwa imetokana na hasira iliyofichwa moyoni, iwe ya jamaa aliye hai, ya mzimu wa mababu au ya Mlungu mwenyewe, na kwamba hasira hiyo iliweza kudhuru hata pale aliyekuwa nayo hakukusudia madhara. Mpiga ramli alitafuta ni moyo wa nani unaohusika, kisha ikafuata ibada ya kutasa, ambamo mtu alitia kinywani pombe ya miwa, maji ya miwa yasiyochachuka au maji matupu, akayapuliza nje huku akitamka maneno ya kuitoa hasira na kuomba heri. Msomaji wa leo anaweza kuiona ibada hiyo kama kinyume cha kazi ya fundi. Akiitazama kwa haki atakuta kwamba inajibu tatizo lilelile kwa njia iliyolingana na mada yake, kwa sababu moyo haurudishwi kama kadi: mtu aliyesamehe hawezi kuombwa akasirike tena ili ionekane kama mtoto ataugua upya. Pale ambapo kurudisha hakuwezekani, hukumu ya yakini haiwezekani, na ibada iliyomtaka mtuhumiwa autakase moyo wake na kumtakia mgonjwa heri, bila kumpeleka kwenye adhabu, iliwaacha watu wote wawili ndani ya jamii. Tiba hiyo haikusubiri ithibati ambayo isingepatikana. Kinachoweza kulaumiwa kwa haki ni ramli iliyomtaja mtu, maana hiyo ilidai kujua. Kutasa kwenyewe kulidai kidogo kuliko ramli, na kukatenda zaidi.

Ramli bila kutasa inaonekana ilivyo hatari katika historia ya Sagala, kilima kilicho kusini mwa Voi, ambako mmisionari J. A. Wray wa shirika la CMS aliweka kituo mwaka 1883. Ukame mkali na njaa vilipofuata baada ya muda mfupi, wako wenyeji waliomhusisha mgeni huyo na kukosekana kwa mvua. Fikra yao haikuwa ya kipumbavu, kwa kuwa waliona jambo jipya likiingia na jambo baya likifuata, na ndivyo fundi anavyoona anapoikamata kadi iliyochomekwa juzi. Walichokikosa, na ambacho hakuna aliyekuwa nacho, ni uwezo wa kuirudisha nyuma miaka hiyo bila Wray na kuziangalia mvua zake. Matope ya Ziwa Chala yanaonyesha kwamba ukame mkubwa ulilipiga eneo hili mara nyingi, maelfu ya miaka kabla mmisionari yeyote hajazaliwa, lakini ushahidi huo ulikuwa umelala chini ya maji, mwendo wa siku chache tu kutoka Sagala, na hakuna aliyekuwa na njia ya kuufikia.

Dini zenyewe zimeonya juu ya haraka hiyo. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi wanamwuliza Yesu kama aliyetenda dhambi ni kipofu wa tangu kuzaliwa au ni wazazi wake, naye anakataa majibu yote mawili; na kitabu cha Ayubu, ambaye Waislamu nao wanamjua kama Nabii Ayubu, kinawakemea marafiki waliokuwa na hakika kwamba mateso lazima yawe na mkosaji na kwamba mkosaji ndiye anayeteseka. Inashangaza kidogo kwamba ufundi wa kompyuta nao umefika mahali panapofanana na hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Timothy May na Murray Woods wa kampuni ya Intel walionyesha kwamba chembe za mionzi zinazotokana na mabaki madogo ya madini mazito ndani ya ganda la kipande cha kumbukumbu zinaweza kuibadilisha biti bila kukiharibu kipande chenyewe, na baadaye ikaonekana kwamba miale inayotoka anga za mbali hufanya vivyo hivyo. Kosa la namna hiyo hutokea mara moja na halirudi: kadi ni nzima, umeme ni mzima, bodi ni nzima, na faili la mwanafunzi limeharibika. Fundi anayeshikilia kwamba lazima kipande kimoja kiwe na hatia atatupa kadi nzima, au atambebesha mtoto lawama kwamba alibonyeza pasipofaa. Kosa linaweza kuwapo na mkosaji asiwepo, na fundi anayelijua hilo huuliza kwanza kama ugonjwa unajirudia, kwa kuwa usiojirudia hauna wa kushtakiwa.

Linabaki jambo moja ambalo kanuni ya kurudisha haiwezi kulikwepa. Pawa saplai inayoshukiwa kupandisha volti, yaani iliyoonekana kutoa 13 au zaidi kwenye waya wa 12, haifai kurudishwa kwenye bodi kuu kwa ajili ya kukamilisha ithibati, kwa sababu kama tuhuma ni kweli jaribio lenyewe litaunguza bodi, kumbukumbu na hadi diski yenye kazi za watu. Wala haifai kufunguliwa na asiyejua, kwa kuwa kapasita zake kubwa hushika zaidi ya volti 300 na huweza kuua hata baada ya waya wa ukutani kuchomolewa. Hapo fundi mwadilifu huacha kujua. Huiweka kando pawa saplai ambayo hatia yake haikuthibitishwa wala kukanushwa, akiwalinda walio wazima kwa gharama ya yakini yake mwenyewe, na anachodaiwa baada ya hapo ni kutosema zaidi ya alichokiona: karatasi atakayoibandika juu ya kisanduku hicho, kabla hakijaingia stoo ya shule au kupelekwa kwa wanaokusanya taka za kielektroniki, iandikwe volti alizozisoma, tarehe aliyozisoma na mashine iliyokuwa ikiitumia, na mahali pa kuandika kwamba ni mbovu aandike kwamba inashukiwa.